Mguu wa Kushoto

Harufu ya klachi iliyoungua haifanani na harufu nyingine ya gari. Si petroli, si oili iliyodondokea ekzosi, si waya. Inakaribia zaidi nywele zilizobanwa na pasi ya saluni hadi zikaungua. Niliinusa kwa mara ya kwanza jioni moja ya masika, kwenye foleni ya kutoka Ubungo kwenda Kimara, na kama wafanyavyo wenye magari wote nikafunga kioo nikimlaani dereva wa lori lililokuwa mbele yangu. Lori likakata kushoto, likaenda zake. Harufu ikabaki na mimi.

Gari langu ni Subaru Impreza WRX la mwaka 2003, gia za mkono, turbo, nguvu za farasi 250 kama lilivyotoka kiwandani Japani. Kwa jina ni gari la michezo. Ukilikuta asubuhi ya Jumamosi limeshindiliwa maboksi ya viatu vya watoto kwenye kiti cha nyuma huwezi kulitaja hivyo, lakini ndivyo lilivyo. Sisi tuliokua Afrika Mashariki miaka ya tisini hatuhitaji kuelezwa habari za Subaru. Colin McRae alishinda Safari Rally kule Kenya mwaka 1997, Richard Burns akashinda mwaka 2000, na picha za Impreza za bluu zenye rimu za dhahabu, zimejaa tope hadi madirishani, zilifika mpaka kwenye ukuta wa kinyozi wa mtaani kwetu. Nilinyolewa chini ya picha hizo utoto wangu wote. Nilipopata kazi ya maana, nilinunua gari hilo kabla ya kununua kitanda cha maana.

Fundi hakuhitaji dakika tano. Alivuta hendibreki, akaweka gia ya nne, akaongeza mafuta kidogo, akaachia klachi. Gari zima linapofanyiwa hivyo huzima papo hapo. La kwangu liliendelea kuunguruma kama lililokuwa gia huru. "Imeisha," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba wa mbali.

Ukiitafakari, klachi ni kifaa cha ajabu. Injini haiwezi kusimama ikabaki hai, lazima izunguke. Magurudumu nayo lazima yasimame, kwenye mataa, kwenye kivuko cha wanafunzi, nyuma ya bajaji iliyoamua kupakia abiria katikati ya barabara. Kati ya kisichoweza kusimama na kinacholazimika kusimama panahitajika kitu cha kuvipatanisha, na kazi hiyo inafanywa na diski moja iliyobanwa katikati ya flaiwili na sahani ya chuma yenye springi. Ukikanyaga pedeli, springi inaachia. Ukiinua mguu, inabana tena, na kwa sekunde moja au mbili diski inasuguana kabla ya kwenda pamoja na injini. Sekunde hizo ndizo zinazoimaliza. Diski ya gari langu ina upana wa sentimita 23, sawa na sahani ya pilau, na imetengenezwa iishe yenyewe ili vingine visiishe.

Juu ya meza ya gereji yalipangwa maboksi matatu. La kwanza lilikuwa na klachi ya aina ile ile iliyotoka na gari: diski yenye kitambaa cha kawaida kilichozunguka pande zote, springi laini. La pili lilikuwa na diski kama hiyo, lakini sahani yake ilikuwa na springi nzito zaidi. La tatu ndilo lililokuwa na sura ya kuvutia. Diski yake haikuwa na kitambaa cha kuzunguka bali vipande sita vya seramiki, kama petali za ua lililochorwa na mtoto, na iliuzwa pamoja na flaiwili nyepesi. Bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya boksi la kwanza. Kulikuwa pia na boksi la nne, chini ya meza, lenye bei ya kuchekesha na nembo iliyokosewa herufi moja. Hilo fundi alilisogeza kwa kiatu na kusema hafungi, ukitaka ukafungiwe kwingine.

Nguvu ambayo klachi inaweza kuibeba inategemea mambo machache tu: imebanwa kwa uzito gani, inasuguana na nini, ina upana kiasi gani, na ina nyuso ngapi za kusugua. Ukitaka iwe imara zaidi, lazima uongeze kimojawapo, na kila nyongeza ina mtu wa kuilipia. Springi nzito inalipiwa na mguu. Seramiki inastahimili joto kali, lakini haijui upole: inakamata kwa kushtuka, gari linatetemeka wakati wa kuondoka, na ukizubaa linazima. Flaiwili nyepesi inaifanya injini ipande haraka kama inavyopendeza kwenye mashindano, ila kwenye foleni unalazimika kuongeza mafuta kila unapoondoka, kwa kuwa uzito uliokuwa ukikusaidia usizime haupo tena.

Nilitaka la tatu, na nilitaka kwa moyo wote. Hakuna mahali ninaposhindana. Njia yangu ni Kimara kwenda Posta na kurudi, na siku nyingi mabasi ya mwendokasi yananipita kwenye njia yao nikiwa nimesimama, abiria wake wakinitazama kwa huruma. Lakini nilikuwa nimejenga hoja. Nilisema moyoni kwamba nikishaifungua giaboksi bora niweke kilicho imara, nisirudi tena. Nilisema rahisi ni ghali. Nilisema mambo mengi yenye sura ya busara. Chini yake kulikuwa na mtoto kwenye kiti cha kinyozi, anatazama ukutani.

Fundi akauliza, "Nani mwingine anaendesha?"

"Mimi tu."

Sijui kwa nini nilijibu haraka hivyo. Yaani, najua.

Kila Alhamisi na kila Jumamosi gari hilo huendeshwa na dada yangu. Anaamka saa kumi alfajiri, anateremka hadi Kariakoo kuchukua mzigo wa viatu, anarudi kufungua duka lake Mbezi kabla ya saa tatu. Ana miaka kumi na mbili zaidi yangu. Aliacha shule kidato cha nne, si kwa kufeli. Mama alipougua, mmoja wetu alihitajika kwenye genge, na mimi nilikuwa darasa la kwanza. Ada zangu za sekondari zilitoka kwenye nyanya na vitunguu vya genge hilo, kisha kwenye mitumba, kisha kwenye viatu. Nilipopata gari nilimwambia, mbele ya watu, kwenye sherehe: dada, hili ni letu. Watu wakapiga vigelegele. Akaenda kujifunza udereva akiwa na miaka arobaini, kwenye gari lenye turbo, kwa sababu ndilo lililokuwepo.

Sasa "mimi tu" ni uongo wa aina gani? Kadi ya gari ina jina langu. Bima ni yangu. Ungenibana mahakamani ningejitetea vizuri. Uongo wenyewe ulikuwa kwamba nilijua jibu la kweli lingebadilisha mashauri ya fundi, na nilitaka mashauri yasibadilike. Nilimtoa dada ndani ya gari ili chaguo langu lipite.

Rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye chuo, nilimweleza mkasa huu na akaniona nimejitesa bure. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema hivi: ukinunua kila kitu kwa kumfikiria mwingine, utaishi lini? Raha nayo ni haki. Tena akasema watu wa familia zetu tumelelewa kuona aibu kufurahia chochote mpaka kila ndugu awe amekula, na matokeo yake hakuna anayefurahia, kwa sababu ndugu hawaishi. Nilikubaliana naye kwa sehemu kubwa, na bado nakubaliana. Asubuhi moja ya Jumapili, barabara ya Bagamoyo ikiwa tupu, gia ya tatu, turbo ikianza kupiga mluzi: sitaki dunia ambayo mtu anaombwa radhi kwa jambo kama hilo.

Lakini hoja hiyo inahesabu raha bila kuhesabu foleni. Aristotle, katika maadili yake yanayoitwa ya Nikomako, anatoa mfano wa Milo, mpiga mieleka maarufu wa Ugiriki ya kale. Anasema kiasi cha kati si kile cha hesabu, cha katikati ya kumi na mbili kuwa sita. Chakula kinachomtosha Milo ni kingi mno kwa anayeanza mazoezi leo. Kiasi kinapimwa kwa mlaji. Nimeusoma mfano huo mara nyingi nikiwa nauona rahisi, karibu wa kitoto. Mbele ya maboksi matatu haukuwa wa kitoto. Tatizo langu ni kwamba sahani ni moja na walaji ni wawili, na mmoja wao nimeshamwambia fundi kwamba hayupo.

Kuna jambo jingine fundi alilisema ambalo lilinikaa. Impreza inasukuma magurudumu yote manne. Gari la kawaida ukiliondoa kwa fujo, tairi zinateleza na fujo inaishia kwenye lami. Hili halitelezi kirahisi. Kishindo hakina pa kutokea, kwa hiyo kinaangukia klachi, na klachi ikiteleza kidogo inakuwa imeokoa vingine. "Ukiweka isiyoteleza kabisa," alisema, "kishindo kitakwenda kwenye giaboksi. Giaboksi ya gia tano ya hizi gari siyo ya kujaribia." Akanionyesha gia moja iliyokuwa kwenye kopo la misumari, meno yake matatu yamekatika. Gari la nani, hakusema.

Kwa hiyo kuchagua klachi ni kuchagua kitakachoumia. Hakuna boksi lililoandikwa kwamba hakitaumia chochote. Nilipokuwa nimekaa kwenye tairi pale gereji nilijaribu kujizuia nisiifananishe ile diski na mtu, maana kulinganisha watu na vyuma ni mchezo wa watu wasio na la kufanya. Sikufanikiwa. Katika nyumba nyingi ninazozijua yupo mmoja anayekaa kati ya kisichoweza kusimama na kinacholazimika kusimama. Kodi inadai, ada inadai, mgonjwa anadai, na yeye ndiye anayesuguana ili wengine waende bila kushtuka. Tunamsifu kwa uvumilivu. Sifa hiyo ninaitilia shaka siku hizi. Diski haikuchagua kuwekwa pale, wala haina uwezo wa kuhama.

Nikampigia simu.

Nilikuwa nimejipanga. Nilimsalimu, nikamweleza kwamba kuna klachi laini na kuna klachi ngumu, nikaeleza bei, nikamuuliza anaonaje. Akauliza kwanza bei ya kazi. Halafu akasema, "Weka unayoitaka wewe, mdogo wangu. Mimi nitazoea."

Mtu mwingine angekata simu hapo akiwa na ruhusa mkononi. Nami karibu nikate. Nimemuuliza, amejibu, nini tena? Lakini hilo ndilo jibu alilolitoa kwa kila swali aliloulizwa na familia yetu tangu akiwa na miaka kumi na tisa. Amartya Sen ameliandika sana jambo hili: mtu aliyekaa muda mrefu katika hali ya kunyimwa hujifunza kupunguza hata kutamani, ili maisha yavumilike, kiasi kwamba ukimuuliza anataka nini utapata jibu dogo na utalichukua kuwa ni la kweli. Ridhaa ya mtu wa namna hiyo haipunguzi wajibu wa anayeuliza. Pengine inauongeza. Na bado, kumwamulia kwa kuwa najua anachokihitaji kuliko yeye, hilo nalo ni kumtoa ndani ya gari kwa mlango mwingine.

Nikamuuliza swali tofauti. "Dada, ukiwa kwenye foleni, goti halikuumi?"

Kimya. Nilisikia mteja akiuliza saizi thelathini na mbili.

"La kushoto," akasema. "Tangu mwaka juzi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeniambia nipande daladala."

Nilitaka kusema hapana, nisingesema hivyo. Nilikumbuka mara mbili, tatu, ambapo gari lilichelewa kurudi nami nikanung'unika kwamba usafiri wa umma upo. Sikusema kitu. Alikuwa ameshanipima, na kipimo chake kilikuwa sahihi. Ndiyo maana maumivu ya goti yaligeuka kuwa siri: kuyataja kulikuwa na gharama, na gharama hiyo niliiweka mimi bila kujua kwamba nimeiweka.

Nilirudi kwa fundi nikamwambia kuna mwingine anayeendesha. Hakushangaa hata kidogo. Alichukua boksi la kwanza akaanza kulifungua, kisha akanieleza kile ambacho angenieleza tangu mwanzo ningekuwa nimejibu vizuri: injini yangu haijaongezwa chochote, nguvu zake ni zile zile za kiwandani, na klachi ya aina ya kwanza ilibuniwa kwa nguvu hizo. Boksi la pili ni la mtu aliyeongeza nguvu za injini kidogo. La tatu ni la mtu mwenye gari la mashindano na gari jingine la kwendea kazini. Hela niliyokuwa tayari kuitupa ilitosha kuchonga flaiwili iwe sawa, kuweka beringi mpya ya kuachia klachi, na kubadilisha sili ya nyuma ya injini, ambayo ilikuwa imeanza kutoa unyevu. Oili ikifika kwenye diski mpya unarudia kazi yote. Watu wengi hubana matumizi kwenye sili wakamaliza kwenye seramiki.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama kweli, siku hiyo, kutazama diski ya zamani ikitolewa. Ilikuwa imelika hadi kwenye ribiti. Juu ya flaiwili kulikuwa na madoa ya rangi ya bluu, alama ya chuma kilichopata joto kupita kiasi, sio mara moja. Fundi akayapapasa kwa kidole gumba. Akasema huyu dereva analishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki, tena anapumzisha mguu juu ya pedeli akiwa anatembea.

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyelisikia hilo kabla. Na nilikuwa nimelisema kabla, tena mara nyingi, kwa marafiki, kwa wenzangu wa kazini: dada amejifunza ukubwani, ananimalizia klachi. Nilisema kwa kucheka, kama mtu mwema anayelipa gharama ya wema wake.

Jioni tulitoka kulijaribu. Fundi alikaa kushoto kwangu. Pedeli ilikuwa laini, gari likaondoka bila kishindo, nikajisikia vizuri. Kwenye mpando tukakuta foleni, nikasimama, nikaondoka, nikasimama. Aliniambia kwa kilomita 800 za kwanza niende taratibu, nisilikimbize, diski ijizoeshe na flaiwili. Nikasema sawa. Kisha akainama kidogo akatazama chini ya usukani.

"Kaka," alisema, "toa mguu hapo."

Nilitazama. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa juu ya pedeli, umelala pale kwa uzito wake wote kama mguu wa mtu aliyeko sebuleni kwake. Gari lilikuwa limesimama mlimani bila breki.

Safari iliyobaki niliuweka mguu sakafuni. Haukujua pa kukaa. Kila baada ya dakika chache ulinyanyuka wenyewe.

Alhamisi dada alikwenda Kariakoo akarudi. Nilimkuta dukani jioni akipanga viatu kwa saizi. Alisema klachi ni nyepesi, goti halikusema neno. Halafu akavuta droo, akatoa bunda la noti lililofungwa kwa mpira, laki moja, akaliweka juu ya kaunta mbele yangu. Mchango wangu, akasema, maana najua ile ya zamani niliiunguza mimi.

Nilimweleza alichokiona fundi.

Alinitazama kwa muda. Akalichukua lile bunda, akalifungua, akalihesabu upya polepole, akachomoa elfu ishirini akaniwekea pale pale kwenye kaunta. "Ya mafuta," alisema. "Jumamosi nataka nilikute limejaa."